Kutembea kwa Miguu Saanane na Rubondo: Mwongozo Kamili wa Kuanzia Mwanza

Kila msimu wa likizo malalamiko ni yaleyale. Mmoja alifika Saanane, kisiwa kidogo karibu na mji wa Mwanza, saa 7 mchana, akakuta mawe yanachoma na wanyama wamejificha, akarudi Capri Point, boti zinakotokea, kabla hata chupa ya maji haijaisha. Mwingine alishuka Muganza, upande wa kuvukia kwenda kisiwa cha Rubondo, jioni na familia nzima, hakuwa ameagiza boti, wakalala gesti huku malazi ya kisiwani yameshalipiwa. Wa tatu alizunguka msitu wa Rubondo asubuhi yote bila kumwona sokwe hata mmoja, akasema kaibiwa hela yake.

Makosa matatu, chanzo kimoja: safari ilipangwa kuanzia nyumbani kwenda mbele. Safari ya kisiwani hupangwa kinyumenyume, kuanzia boti ya kurudi. Ukishajua boti itang'oa saa ngapi ili upepo usiikute katikati ya ziwa, ndipo unapata saa ya kumaliza kutembea, kisha saa ya kuanza, kisha saa ya kuamka. Hatua zote hapa chini zimepangwa kwa hesabu hiyo: nusu siku Saanane kama jaribio, halafu siku tatu Rubondo.

## Vitu vya kuwa navyo

Kusanya hivi kabla hujalipia chochote.

- Viatu vya kufunga vyenye soli ya meno. Buti za mtumba za soko la Mlango Mmoja, Mwanza, zinafaa kabisa, ila kunja soli kwa mikono miwili kabla ya kununua. Kiatu kilichokaa muda mrefu bila kuvaliwa gundi yake hukauka, na soli hubanduka siku ya kwanza porini. Kivae mtaani wiki nzima kabla ya safari. Yeboyebo na kandambili ni za kambini.
- Soksi ndefu, jozi tatu. Suruali huchomekwa ndani ya soksi kwa sababu ya siafu na kupe.
- Suruali na shati la mikono mirefu la khaki, kijivu au kijani kilichopauka. Usivae bluu iliyokoza wala nyeusi. Mbung'o hufuata rangi hizo, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Nguo za mabaka ya jeshi ziache kabisa. Utahojiwa barabarani kabla hujaliona ziwa.
- Maji lita 3 kwa kila mtu kwa kila siku ya kutembea, na pakiti mbili za ORS, dawa ya kurudisha maji na chumvi mwilini. Pwani ya ziwa iko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Upepo hukausha jasho kabla hujalihisi, hivyo kiu hukujia umeshachelewa.
- Chakula kikavu. Matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na karanga havina mshindani: vyepesi, haviozi, havipondeki kwenye begi, na vinakaa tumboni. Ndizi mbivu na maandazi usitembee navyo mkononi, tumbili watakufuata.
- Mfuko mzito usiopitisha maji, wa simu, dawa na nguo za kubadili. Usitegemee rambo, zilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na hata enzi zake hazikuzuia wimbi.
- Tochi ya kichwani na pawabenki. Mtandao kisiwani unakuja na kupotea.
- Darubini. Ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, inatosha. Zenye nguvu zaidi hutikisika mkononi, na boti ikiyumba huoni kitu.
- Barakoa, kitambulisho cha taifa, plasta, dawa ya mbu ya kupaka, filimbi.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi ukiwa na ziwa akilini

Wengi huangalia mvua tu. Juni hadi Septemba ni kiangazi: njia ni kavu, majani yamepungua, wanyama wanaonekana. Lakini huo pia ni msimu wa upepo wa kusini-mashariki, na mchana ziwa huchafuka. Kwa hiyo miezi hiyo ina sharti: kuvuka asubuhi.

Machi hadi Mei njia hugeuka matope na mawe huteleza. Anayependa vipepeo na ndege atafurahi, anayetaka kutembea mbali atateseka. Januari na Februari huwa na nafuu kati ya mvua mbili, na kwa familia ndiyo miezi tunayopendekeza.

Radi ichukulie kwa uzito wake. Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na dhoruba nyingi huumuka usiku kuelekea alfajiri. Sababu ni kwamba usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo wa pande zote huingia ziwani na kukutana katikati, hewa yenye mvuke ikapanda. Ukiamka ukakuta wingu zito bado limekaa juu ya maji, subiri lipite hata kama boti imeshalipiwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Ziwa Victoria. Usome jioni kabla ya kuvuka.

## Hatua ya 2: Vibali na boti, wiki mbili kabla

Saanane na Rubondo ni hifadhi za taifa, zote chini ya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa. Getini hawapokei fedha taslimu: unapewa namba ya malipo, unalipa kwa benki au simu, unaonyesha risiti. Lipa ukiwa bado Mwanza. Watu wengi wamekwama mwaloni, boti zinapotia nanga, wakizungusha simu juu kutafuta mtandao huku boti inawasubiri.

Uliza maswali manne, na majibu yaandike:

1. Kiingilio cha raia ni kiasi gani sasa? Bei hubadilika, mara nyingi mwaka wa fedha unapoanza Julai, kwa hiyo tangazo la mwaka jana lisikudanganye. Bila kitambulisho unaweza kutozwa kama mgeni.
2. Kibali ni cha saa ngapi, na saa zinaanza kuhesabiwa lini? Ukiingia saa 4 asubuhi na kutoka saa 6 mchana siku ya pili, unaweza kudaiwa siku nyingine.
3. Boti imo ndani ya malipo au ni ya kukodi? Ya kukodi hulipiwa kwa safari, hivyo watu sita wanagawana gharama ambayo mtu mmoja angeibeba peke yake. Hapa ndipo bajeti za wengi hupasuka.
4. Kufuatilia sokwe kuna kibali chake? Umri wa chini ni upi? Wazazi wengi hufika na mtoto mdogo, na mmoja wao hubaki naye kambini siku nzima.

Umefanikiwa ukiwa na risiti, jina la mwalo, saa ya boti ya kwenda na saa ya boti ya kurudi. Likikosekana la mwisho, hujamaliza.

## Hatua ya 3: Jaribio la nusu siku Saanane

Usiliruke hili kwa sababu kisiwa kiko karibu na mjini. Saanane ina kilomita za mraba 2.18 tu, maji yakiwemo. Kiatu kibaya kitakuumiza hapa ukiwa dakika chache kutoka stendi ya daladala, na hiyo ni afadhali kuliko kukuumiza katikati ya msitu wa Rubondo.

Fika ofisi ya hifadhi Capri Point mapema, uchukue boti ya kwanza. Kuvuka ni kama dakika kumi. Lenga kuwa umemaliza mizunguko ya mawe kabla ya saa 5, kwa sababu jabali likishashika joto linakuchoma kutoka chini na jua kutoka juu.

Namna ya kusoma jiwe. Tazama rangi kabla ya kukanyaga. Michirizi myeusi inayoshuka ubavuni mwa jabali ni njia ya maji ya mvua, na mwani ulioota humo huteleza mno ukilowa hata kwa umande. Michirizi myeupe ni mkojo wa pimbi uliokauka. Hapo paangalie kwa darubini ukiwa mbali, maana wenyewe wanaota jua jirani. Kanyaga jiwe la kijivu lenye chembechembe zinazokwaruza.

Unapopanda, viungo vitatu viwe vimeshika jiwe wakati wote: miguu miwili na mkono, au mikono miwili na mguu. Kushuka ndiko kunakovunja watu viwiko. Geuka uangalie jiwe, shuka kinyumenyume, begi lisikusukume mbele.

Usitie mkono kwenye ufa usiouona ndani. Chatu na kenge hupumzika humo.

Mjusi wa mawe atakusaidia kujua muda. Dume ana kichwa na mabega ya waridi na mwili wa bluu, na asubuhi hukaa wazi juu ya jabali akipasha mwili. Mijusi ikianza kuingia nyufani kwa wingi, jiwe limeshakuwa la moto. Na wewe teremka kivulini.

Swala pala na tumbili utawaona bila shida. Fisi maji anahitaji subira: kaa juu ya mwamba unaotazama maji, hatua kumi au zaidi kutoka ukingoni kwa ajili ya mamba, na unyamaze robo saa. Asiyeweza kunyamaza robo saa Saanane hataona nzohe, swala wa majini, kule Rubondo.

Ukirudi Capri Point, jikague. Je, kisigino kina joto? Hapo ndipo lengelenge litaota, kiatu kibadilishwe au kipate plasta. Je, ulikunywa angalau lita moja? Begi liliacha alama mabegani? Punguza vitu.

## Hatua ya 4: Kutoka Mwanza hadi ukingo wa Rubondo

Kuna njia mbili za majini, na uchaguzi wake ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kasenda, mwalo ulio kama kilomita 5 kutoka Muganza, wilaya ya Chato. Boti huchukua dakika 20 hadi 30, kisha gari la hifadhi hukupeleka Kageye, makao makuu. Nkome, upande wa Geita, ina mwendo mfupi zaidi wa barabara lakini boti ni karibu saa mbili kwenye maji ya wazi. Mtu hutazama ramani, akaona Nkome iko karibu, akaichagua. Kisha upepo wa mchana unamkuta katikati. Kwa mgeni, kwa mwenye mtoto, na kwa yeyote anayetapika majini, Kasenda haina mjadala.

Barabara imerahisika. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, foleni ya kivuko haipo tena kwenye hesabu. Unapita Sengerema, Geita, kisha barabara ya Chato hadi Muganza. Gari binafsi litoke Mwanza saa 11 alfajiri ili uvuke kabla ya mchana kukolea. Ukienda kwa basi, usijaribu kuunganisha basi na boti siku moja: lala Chato au Muganza, uvuke saa 2 asubuhi. Gharama ya gesti ni ndogo kuliko ya kukosa boti.

## Hatua ya 5: Kupanda boti

Msalimie nahodha, kisha muulize, "Leo ziwa likoje?" Akisita, sikiliza kusita kwake.

Vaa jaketi okozi ukiwa nchi kavu. Vuta kila mkanda, kisha mwenzako akushike mabegani na kulivuta juu kwa nguvu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno na litakutoka majini. La mtoto lazima liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu.

Mizigo na watu wakishaingia, angalia umbali kati ya maji na ukingo wa boti. Ukiwa chini ya dhiraa moja, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, boti imejazwa kupita kiasi. Shuka. Atakayekucheka mwache acheke.

Kaa chini katikati, na usisimame hadi kamba ifungwe. Wengi hudhani hatari iko katikati ya ziwa. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka Septemba 20, 2018, kilikuwa kimebakiza mwendo mfupi tu kufika gati la Bwisya, Ukara, kikiwa kimebeba kupita uwezo wake.

Magugu maji yakinasa injini, nahodha ataizima na kusafisha kwa mkono. Ni jambo la kawaida. Usiinamie upande mmoja kutazama.

## Hatua ya 6: Kutembea Rubondo

Kisiwa kina urefu wa karibu kilomita 28 kutoka kaskazini hadi kusini. Hakina simba, na watu wengi wakisikia hivyo hulegea. Kuna tembo, viboko na mamba, kwa hiyo hutembei hatua moja bila askari wa uhifadhi mwenye silaha. Afande akiinua mkono, simama hapo hapo, maswali baadaye.

### Siku ya kwanza, jioni: nzohe

Anza na nzohe. Miguu inazoea njia, na huna haja ya kwenda mbali. Huyu ni swala wa kwenye maji anayeishi kwenye mafunjo, na Rubondo ni mahali pazuri kuliko karibu pote Tanzania pa kumwona. Toka kuanzia saa 11 jioni, au asubuhi mara kunapopambazuka. Upande huu wa nchi jua huchomoza kati ya saa 12:30 na saa 1.

Tafuta unyayo kwenye tope. Wa pongo ni mdogo na umebana, umechongoka mbele. Wa nzohe ni mrefu, kwato mbili zimeachana zikafanya umbo la V, kwa sababu kwato hizo hutanuka ili zisizame. Kama maji bado yanajaa ndani ya alama, amepita sasa hivi.

Upepo ndio utakaoamua. Chota majivu ya jikoni kambini, yatie kwenye soksi kuukuu, ifunge mdomo. Kila baada ya mwendo itikise: vumbi linaloponyoka litakuonyesha upepo unaelekea wapi. Likielekea kwenye mafunjo, zunguka. Nzohe akishtuka hakimbii mbali. Hujizamisha, akabaki na pua tu juu ya maji, na utaondoka ukiapa kwamba hakukuwa na kitu.

### Siku ya pili: sokwe

Kwanza tuweke matarajio sawa. Sokwe wa Rubondo wametokana na kundi dogo lililoletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969. Wana kisiwa kizima cha kuzurura, na hakuna wa kuwahakikishia wageni kwamba watakaa karibu na barabara. Ulicholipia ni nafasi ya kuwafuata. Anayetaka uhakika apange siku mbili za kufuatilia.

Kula saa 12 asubuhi, uwe tayari kuondoka. Wafuatiliaji hutangulia na kuwasiliana kwa redio. Inaweza kuwa saa mbili za kutembea, inaweza kuwa sita. Beba maji yote.

Msitu utakupa habari ukiusoma. Sokwe hutengeneza kiota kipya kila jioni kwa kukunja matawi. Majani ya kiota yakiwa bado mabichi, walilala hapo jana. Yakiwa ya kahawia, achana nacho. Chini ya mikuyu tafuta makapi, tonge la nyuzi za tunda lililotafunwa, likafyonzwa, likatemwa. Likiwa limelowa, ongeza ukimya. Ukisikia mdundo mzito kama wa ngoma ya mbali, ni dume anapiga mizizi mipana ya mti.

Mkiwafikia, sheria ni hizi: barakoa puani na mdomoni, umbali wa mita 10, muda usiozidi saa moja, hakuna kula wala kutema mate. Mwenye mafua abaki kambini hata kama alilipa, maana sokwe huambukizwa magonjwa yetu ya kifua na huweza kufa kwa ugonjwa ambao kwako ni kikohozi tu. Dume akija kasi akivuta matawi, msikimbie. Songeaneni, inameni kidogo, msimkazie macho. Anaonyesha ubabe, atapita.

Siafu. Ukiona mstari mweusi unaovuka njia, uruke bila kusimama. Wakishapanda mwilini, usianze kujipangusa palepale: kimbia hatua ishirini kwanza, ndipo ufungue mkanda. Anayesimama juu ya mstari huongezewa wengine kila sekunde.

Hukuona sokwe? Ukipata kiota kibichi, makapi yaliyolowa na sauti zao ng'ambo ya korongo, afande amefanya kazi yake.

## Hatua ya 7: Usiku kambini

Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi, na nyasi fupi za kambini anazipenda. Usiweke hema kwenye njia yake. Utaitambua kwa mifereji miwili iliyosawazika yenye tuta la majani katikati. Ukihitaji choo, mulika pande zote kabla ya kutoa mguu. Ukimkuta, usikae kati yake na ziwa. Rudi nyuma polepole, muachie njia ya maji.

Hakuna chakula ndani ya hema. Takataka zote zirudi nawe Mwanza.

## Hatua ya 8: Kurudi, na kipimo ambacho wengi husahau

Ondoka na boti ya asubuhi. Usishawishike na "mzunguko mmoja wa mwisho", huo ndio unaokuingiza kwenye mawimbi ya mchana.

Kanda ya Ziwa ina kichocho. Vijidudu hutoka kwenye konokono wa maji ya ukingoni, hasa penye majani, na huingia kwenye ngozi isiyo na jeraha lolote. Kuosha miguu ziwani kunatosha kukuambukiza. Ukilowa wakati wa kushuka botini, jifute mara moja kwa taulo, usisubiri jua likukaushe.

Nenda kapime wiki sita hadi nane baada ya safari, si siku ya pili yake. Mayai hayaonekani mapema hivyo, na dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, ile michanga huiacha. Ukipata homa kabla ya hapo, kapime malaria siku hiyohiyo, na umwambie daktari kwamba ulikuwa kisiwani na kulikuwa na mbung'o, waenezaji wa malale.